Nyoka Aliyetulia

Jumatatu, 5 Novemba 2007

Shahe, soko la nguo za jumla, tangu saa kumi na mbili asubuhi. Suruali za jinsi za kike, marobota manne. Mbili zina doa, laoban, Mchina mwenye duka, anajifanya haoni. Nimezirudisha. Mikono inanuka rangi, sabuni haisaidii.

Nyumbani Rukia kanipokea mifuko, kaniwekea chai. Halafu akasema anataka kufuga nyoka.

Nikadhani utani. Huyu mtoto wa dada yangu ana miaka ishirini, yuko hapa kwa skolashipu, na tangu ahame bweni mwezi wa nane kuja kukaa kwangu hajaomba kitu. Si nguo, si simu. Ombi la kwanza ni nyoka. Chai imenishinda.

Jumatano, 7 Novemba

Nyoka siwezi kumwona hata kwenye televisheni. Nabadilisha chaneli.

Lakini nimekubali. Dada Zuhura alinikabidhi mtoto, na mtoto mwenyewe hana tabu. Hazururi, hana marafiki wa ajabu, saa zote yumo chumbani. Kila nikiongea na dada kwenye simu najisifu naye. Nikimnyima hiki kimoja nitakuwa mchoyo.

Rukia kasoma kwenye intaneti. Anayeanza kufuga asichukue nyoka aliyekamatwa porini, achukue aliyezaliwa mikononi mwa watu. Asiwe wa kukua sana. Asiwe na sumu, ahsante. Na muuzaji amlishe mbele yako, uhakikishe anakula. Sijamsikia akisema maneno mengi hivyo tangu Idi. Nikauliza anakula nini. Panya. Nimetoka jikoni.

Jumamosi, 10 Novemba

Tumekwenda soko la ndege na samaki wa mapambo. Mkojo, maji yaliyolala, na harufu tamu kama embe lililooza. Nimejiziba pua kwa mtandio. Nyoka wadogo wamo kwenye vibakuli vya plastiki, vilevile wanavyotilia supu, vimetobolewa matundu ya hewa. Astaghfirullah. Sitanunua supu ya kubeba tena.

Mama muuzaji katuonyesha wawili. Mmoja mwekundu, mwembamba, wanamwita nyoka wa mahindi, kazaliwa hapohapo dukani. Hatulii. Anapanda ukuta wa kisanduku, anatoa ulimi, anamkodolea mtu macho. Wa pili ni chatu mdogo, kaletwa kwa ndege kutoka Afrika Magharibi. Kajikunja, kimya, hana habari na mtu.

Rukia alimtaka mwekundu. Mama muuzaji akashika panya kwa kibanio, awalishe wote wawili tuone. Nikasema hapana, mimi sitazami uchafu huo, tunaondoka sasa hivi. Nikachagua mwenyewe. Nimechagua kama tunavyowachagulia vijana wetu wachumba: yule mtulivu, asiyehangaika, asiyetazama watu usoni. Huyo ana adabu. Tena mwenzetu, katoka Afrika.

Rukia kasema sawa, mama mdogo. Husema sawa siku zote.

Jumapili, 11 Novemba

Panya wa barafu wamo kwenye friza yangu. Ndani ya kopo la biskuti, mifuko miwili, lakini wamo. Karibu na nyama yangu ya halali, niliyovuka nusu ya mji kuitafuta. Nimetoa kila kitu, nimesugua kwa siki. Tumekula dengu.

Ijumaa, 16 Novemba

Chatu hajala. Siku ya sita. Rukia anayeyusha panya kwenye maji ya moto, nyumba nzima inanuka manyoya mabichi, anampungia kwa kibanio, yeye kimya. Panya anatupwa. Anayetupa ni mimi, glavu mbili juu ya mbili.

Dada kapiga simu kumuulizia mtoto. Nikamwambia katulia, yuko chumbani anasoma. Kasema alhamdulillahi. Na kontena langu limeshafika bandarini Nansha. La kushukuru lipo.

Rukia naye sahani yake kairudisha vilevile. Nadhani ni harufu. Hata mimi sikumaliza.

Jumatatu, 19 Novemba

Nimeingia chumbani kwake kutafuta mkasi. Saa tano asubuhi, siku ya masomo, kalala, pazia limefungwa. Kisanduku kando ya kitanda. Chatu kainua kichwa, mdomo wazi, kamasi linaning'inia, kila pumzi inatoka na mluzi. Katikati ya magamba kupe, wamenona. Nilikimbilia msalani.

Nikarudi nikagomba. Nyoka gani huyu, na mimi nilimchagua kwa utulivu wake. Rukia hakuinuka. Aliongea taratibu, uso ukutani.

“Hajatulia, mama mdogo. Anaumwa. Nilimwona tangu kule sokoni.”

Nikauliza kwa nini hakusema. Akasema hakuwa na nguvu za kubishana. Nikafungua pazia.

“Na mimi ni kama yeye,” akasema.

Hajaingia darasani tangu muhula uanze mwezi wa tisa. Vitabu vilivyo mezani ni vya mwaka jana. Asubuhi mimi nikienda Shahe, yeye hurudi kitandani. Nimekaa sakafuni, bega kwa bega na kile kisanduku. Sikujali.

Jumanne, 20 Novemba

Najichukia. Mimi ninayeona doa kwenye jinsi kabla jua halijachomoza. Miezi hii yote nausifu ugonjwa kwenye simu.

Tumekwenda kwa daktari. Aliongea Kichina, na Rukia ndiye aliyenifasiria, ugonjwa wake mwenyewe, neno kwa neno, macho chini. Ni ugonjwa wa huzuni. Una dawa, na arudi kila wiki. Tukapita chuoni. Kwa barua ya daktari nafasi yake itamngoja hadi muhula ujao. Asipoanza hapo, skolashipu basi.

Nimempigia dada, nimemwambia kweli yote. Akauliza tu kama mtoto anakula.

Alhamisi, 22 Novemba

Chatu kafa. Rukia kalia, kwa sauti, mpaka jirani kagonga ukuta. Kwanza niliogopa, halafu nikafurahi. Sijawahi kumsikia akilia hapa.

Tumemzika kwenye bustani nyuma ya jengo. Mfuko nilibeba mimi. Ulikuwa laini. Nimenawa mikono mara saba na bado nauhisi.

Jumapili, 2 Desemba

Sokoni tena. Wazo ni langu. Yule mwekundu yupo, bado anapanda ukuta.

Nikamwambia mama muuzaji amlishe. Rukia kasema si lazima nitazame. Nimetazama. Alimdaka panya kichwani, taya zikaachana, koo likavimba, akawa anamvuta ndani kidogo kidogo. Kinyaa kitupu. Nimetazama mpaka mkia ukaingia.

Tumerudi kwa basi, kisanduku magotini kwangu, anahangaika njia nzima.

Jioni nimepika wali na maharage. Kwa kawaida mimi hula huku nikipanga risiti. Leo nimekaa mbele ya Rukia. Kala nusu sahani. Nimemwona.