Kitambaa Kibichi

Nyamwaga, Jumatano

Leo Injinia ameniamini. Heri asingeniamini.

Vile vipande vya plastiki tunavyovipima juu ya bati, vinavyotoa umeme vikipata joto upande mmoja, wakati wa mvua vilitoa umeme mwingi. Nikamwambia ni unyevu tu, si joto. Mwenyewe alishanieleza kuwa ndani yake mna ioni, chembe za chumvi zenye umeme. Mimi nimezaliwa Uvinza, penye chumvi. Najua chumvi hunywa maji ya hewani. Chembe zikilowa zinatembea, umeme unapanda, halafu unafifia.

Akacheka. "Mzee, siku hizi darasa la saba wanafundisha fizikia?"

Sasa jua limewaka siku nne na mita imelala. Kesho wafadhili wa mradi wanakuja. Mchana akaninong'oneza: "Mzee wangu, ulisema kweli. Asubuhi vifunike kwa kitambaa kibichi, ukitoe kabla hawajafika."

Nikajibu, "Sawa, Injinia." Mradi ukifungwa, kibarua changu kimekwisha, na Uvinza ni mbali.

Kitambaa nimeshakiloweka. Nilipousema ukweli huo aliucheka. Leo ameuokota ili tudanganye, na mkono wa kufanya kazi hiyo ni wangu.