Kibodi Yako Iko Kabatini kwa Baba Yako Mdogo

Masanja, mpwa wangu,

Huku juu tupo, wazima miili tu. Ni mimi mjomba wako, yule aliyemshika fisi mkia kule Kishapu mpaka fisi akaomba radhi. Ulikuwa ukicheka hapo. Siku hizi nikisimulia wananitazama kama mgonjwa.

Mwenye duara, yule wa shimo lililokufukia, alileta jeneza na ng'ombe wa msiba, akakaa mbele kabisa, akala. Matimba ya kuzuia udongo usikuangukie hakununua, jeneza alinunua. Wewe kama umemsamehe, ni huko kwenu. Mimi bado.

Sasa sikia ya ndugu zako. Siku ya kuanua matanga wakagawa vitu vyako. Kompyuta akapewa dada yako Kabula, maana ndiye mliyecheza naye gemu. Baba yako mdogo akasema yeye hatoki mikono mitupu, akabeba kibodi na mausi. Zile ulizozichimbia Rwamgasa msimu mzima, kabla hujarudi shimoni kutafuta hela ya kioo kikubwa cha kompyuta! Hana kompyuta, hana hata umeme. Kaziweka kabatini chini ya kitambaa cha kufuma, anaonyesha wageni. Nikamfuata: "Shemeji, mtoto ana mashindano ya gemu Mwanza, timu ya marehemu imempa nafasi ya kaka yake." Akanijibu, "Urithi hauazimwi."

Basi nikauza beberu wangu, yule aliyempiga simba kichwa, tukaenda na Kabula Geita mjini kununua nyingine. Mausi nikachagua mimi. Nikazipima mkononi moja moja kama tunavyopima mawe, nikashika nzito kuliko zote. "Hii ina mali ndani," nikamwambia muuzaji.

Kabula akacheka. "Mjomba, hiyo si jiwe la kupeleka karasha kusagwa! Mkono unaisukuma mchana kutwa. Nzito itanichelewesha, watanipiga." Akachukua nyepesi kama ganda la karanga. Nilijua, bwana, nilikuwa namjaribu tu. Kibodi akazibonyeza amefumba macho, zenye taa za rangi akazikataa, akachukua yenye kelele kama yako. Anasema kidole lazima kisikie kimefika.

Jana mchana akaanza mazoezi. Ikalia ta-ta-ta nyumba nzima. Mama yako alikuwa uani anapepeta mtama. Akatupa ungo, akaingia mbio: "Masanja, umekula?"

Kabula akavua vile vya masikioni.

Mama yako akasimama pale mlangoni, pumba kwenye nywele. Halafu akasema, "Endelea, mwanangu. Usiache."

Lala, ng'wanawane, mwanangu. Kabula hashuki shimoni kutafuta kioo wala chochote. Atakayemshusha aanze kunifukia mimi. Na Mwanza nitakaa nyuma ya kiti chake mpaka mwisho. Hilo silitii chumvi.

Mjomba wako