Viti vya Joto vya Mansur

Kadra weee! Shangazi Safiya ametoboa siri leo! Ile aibu ya Mansur, harusi ya 1998, ni yeye aliyeisababisha!

Mansur alimwacha, akarudi Garsen kutoka Ulaya na gari la spoti, anaoa mwingine papo hapo. Na viti vya gari akapeleka kwa nani? Kwa Safiya mwenyewe, fundi wa viti!

Akamtupia vitambaa vya umeme vya kupasha viti joto. "Shonea hivi ndani, watu waone mambo ya Ulaya." Joto la Garsen lile! Unamwambia hivyo mke uliyemwacha!

Safiya akavipokea. Akashona vizuri, ila swichi hakuweka. Waya akaziunga moja kwa moja: gari likiwaka, viti vinapata moto.

Siku ya harusi, wanawake wakamzuia Mansur garini kama ilivyo desturi, hashuki mpaka nyimbo ziishe. Naye injini hazimi, maringo! Wakaimba, Kadra. Wakaimba!

Anashuka, kanzu nyuma imelowa chapachapa. Nyanya ya bibi harusi akapaza sauti: "Huyu amejikojolea?"

Kesho yake Mansur akamvamia Safiya akifoka. Safiya hata cherehani hakusimamisha. "Ulitaka waone mambo ya Ulaya. Wameona."