Machela ya Ngamia Niliyoitengeneza Ndani ya Kontena

Modogashe, Jumanne, Februari 1996

Upepo umevuma tangu asubuhi na mchanga umeingia hata kwenye chai. Leo sijashika randa. Nimekaa tu juu ya mbao.

Mtoto wa Amina alizikwa jana.

Amina ni binti wa Mama Amina, anayetuuzia chai hapa langoni mwa kambi ya mkandarasi. Anaishi na mumewe huko kwa wafugaji, mwendo wa nusu siku hadi zahanati, na gari halifiki. Ndiyo maana nesi wa zahanati alituagiza machela ya kufungwa juu ya ngamia. Kazi nikapewa mimi. Kila asubuhi Mama Amina aliniuliza imefika wapi, maana bintiye alikuwa karibu kujifungua.

Mwaka jana tulikuwa maseremala watatu Wajir, tukifanya kazi kivulini karibu na visima. Ngamia walipita, wanawake walipita, watu walisimama kutukosoa. Mawazo yalikuja yenyewe. Kisha mkandarasi akatutawanya, kila mtu na mji wake, tukawa tunashauriana kwa redio ya ofisi. Mimi nikawekwa ndani ya kontena la chuma, mlango unafungwa kwa kuogopa majambazi. Mle ndani naona kuta tu. Nilichora, nikafuta, nikachora tena. Kilichotoka ni kitanda cha mbao zilizonyooka, kama vya kwetu Kakamega.

Mutua, aliyebaki Wajir, aliposikia maelezo yangu redioni alicheka.

"Fundi, huyo ngamia atalala chali ndio kitanda kimtoshe? Toka nje umwangalie, ova."

Nilimjibu kila kitu kiko sawa. Sikutaka wenzangu wajue kichwa changu kimekauka.

Alhamisi tuliijaribu. Ngamia alipoinuka mbao zilimchoma ubavuni, akajitupa, machela ikapasuka katikati. Mama Amina aliokota kipande, akakigeuzageuza, akaniuliza kwa lafudhi yake ya Kisomali.

"Wewe fundi, ngamia umeona wabi? Sisi nafunga miti ya nyumba ya kuhama, ile imebinda, mgonjwa nakaa katikati. Kwa nini hukuuliza mimi?"

Siku zote hizo alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, birika mkononi.

Jumapili asubuhi uchungu ulimshika Amina. Nesi alikuwa amewaahidi kwamba ngamia mwenye machela angefika kwao siku hiyo, na habari kwamba imevunjika haikuwa imewafikia. Walimsubiri ngamia kutoka mjini mpaka jua likaanza kushuka, ndipo wakaazima ngamia na miti kwa jirani. Walifika zahanati Jumatatu alfajiri. Amina yuko hai. Mtoto alitoka amekufa.

Leo Mama Amina ameleta chai kama kawaida. Amenimiminia, akapokea hela yake, akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Nimelaumu kontena mchana kutwa, na ni kweli limenimaliza. Lakini saa ya chai mlango ulikuwa unafunguliwa. Nilitoka, nikanywa, nikarudi ndani bila kumuuliza mtu kitu.

Nesi bado anataka machela. Kesho natoa benchi langu nje, msimamizi aseme atakalo. Nitamwomba Mama Amina anionyeshe miti ile inavyofungwa.

Sijui nitaanza na neno gani.