Kichupa Nilichokiosha

Jumatano, saa nne asubuhi. Baridi. Mlima haujaonekana tangu juzi.

Sasa hivi Upendo, mwanangu wa miaka mitatu, amejaza maji kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, akakifunga, akanipa kwa mikono miwili. Anasema ni cha bibi, nipeleke Moshi.

Aliniona siku ile. Watoto wanaona kila kitu.

Mama yangu ana saratani ya shingo ya kizazi. Wiki mbili zilizopita alikatwa kinyama kidogo, nikapewa kwenye kichupa kilale hapa kwangu Sokon One, asubuhi nikipeleke maabara Moshi. Daktari alitueleza taratibu. Mwili una askari wake. Kwenye kinyama wataangalia alama inayoonyesha kama uvimbe unawafumba macho askari hao. Alama ikiwepo, kuna dawa ya kuwaamsha, inaweza kumsaidia. Isipokuwepo, huenda ni kumtesa bure.

Mama akacheka. "Wa kwangu watakuwa kama walinzi wa Njiro, wamelala getini."

Jioni kichupa kikanuka, maji yake yanawasha macho. Mimi nimelelewa kwenye maziwa, huko juu Meru. Kibuyu kikinuka unakiosha kwa maji ya moto, la sivyo maziwa yanaharibika. Nikayamwaga yale maji. Nikaosha kichupa, nikasuuza na kinyama chenyewe, nikaweka maji safi yaliyochemshwa. Nilijua namtunza mama.

Kumbe yale yanayonuka ndiyo yalikuwa yanakihifadhi kinyama.

Jana maabara wamepiga simu. Kimeoza, hakisomeki. Dada wa maabara akauliza nani alikifungua, nikasema sijui. Mama nikamwambia mashine imeharibika. Akasema, "Basi tusubiri, mwanangu."

Hajui kwamba itabidi akatwe tena. Mara ile alitoka damu siku nne. Daktari anataka kwanza apate nguvu, ila uvimbe nao haumsubiri mtu.

Tumaini bado ninalo, sijui nalitoa wapi. Labda alama ipo. Labda askari wake wako tayari, wanangoja kuamshwa tu.

Lakini asikatwe mara ya pili bila kujua ni kosa la nani. Maneno nimeshayapanga: mama, mashine haikuharibika, ni mimi.

Mama ananiita kutoka ndani. "Mama Upendo, Moshi wamepiga tena?"

Naenda sasa hivi, kabla sijaanza tena kumdanganya.