Jirani Yangu Alimwona Mwanangu Kwenye Televisheni

Unguja

Kwa mama yangu mpendwa, huko Chome mlimani,

Shikamoo mama. Naomba barua hii ikukute magoti yamepoa, na mvua ziwe za kiasi, zisizobomoa njia ya kanisani. Nilipoona safari hii umeniandikia kwa mkono wako mwenyewe, nilimwita mke wangu tukaisoma pamoja. Kisomo cha watu wazima kimekufaa kweli. Sasa naweza kukuandikia mambo ya ndani, maana hayatapita tena kinywani mwa mjumbe wa nyumba kumi.

Sisi hatujambo. Kazi ya useremala kwenye majumba ya ghorofa inaendelea. Natia milango na madirisha, jioni narudi na vumbi la mbao masikioni. Ila moyoni nina donda, mama, nalo ni la wivu.

Redio yangu unaijua. Tulipohamia nyumba hii, redio nyingine haikuwamo. Jioni wapangaji wenzetu walikuja na mikeka yao, chumba kikajaa. Mjukuu wako Elineema alizungusha kitufe kutafuta stesheni, nami nikawafafanulia watu habari za dunia. Nilikuwa mtu, mama.

Kisha Bwana Khamis, fundi cherehani tunayepakana naye ukuta, akaleta televisheni. Unakumbuka lile gari la sinema lililokuja uwanja wa shule, tukakaa chini wote kutazama shuka jeupe? Basi Khamis anayo sinema ndani ya sanduku la kioo, chumbani mwake, kila jioni, tena ya rangi.

Wiki haikuisha, chumba changu kikawa kitupu. Hao majirani sikuwajali sana. Walioniuma ni wanangu. Nikirudi kazini nasalimiwa mbiombio, sahani zinaoshwa haraka, hao kwa Khamis. Elineema akaanza kukaa wima na kusema polepole kama yule mama anayesoma habari. Mdogo wake akawa anamwita Khamis "ba'mdogo". Hata mke wangu makande akayapika mchana, ili jioni awe huru.

"Baba Elineema, njoo nawe utazame," aliniambia. "Nani amekukataza?"

"Siendi kukaa kwenye kiti cha mtu kutazama vivuli."

"Basi kaa na redio yako."

Nikakaa nayo.

Mwezi uliopita shule ya Elineema ikaalikwa kituo cha televisheni. Walimu walichagua watoto wachache wakasimulie habari za kwao, naye akawemo. Siku ilipofika Khamis alikuja kupiga hodi mwenyewe.

"Bwana, leo siku yako. Nimekuwekea kiti cha mbele."

Nikamjibu kichwa kinaniuma. Mama, niliona kama ananikaribisha kwa mtoto wangu mwenyewe!

Jioni ile wote walikwenda kwake. Nikaongeza sauti ya redio nisisikie kitu. Lakini makofi yalipenya ukutani, na sauti ya Khamis ikafuata: "Mashaallah! Mtoto wetu huyo! Mtoto wetu!"

Wetu? Niliinuka nikatoka peku. Mlangoni kwake watu walikuwa wamesongamana. Nikasukuma, nikachungulia juu ya mabega. Kwenye kioo alikuwepo mzee mmoja anapiga fidla. Mwanangu alikwisha kupita.

Mwalimu alipomrudisha, alinijia moja kwa moja, utepe bado uko kichwani.

"Baba, umeniona?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini angeniuliza nimeona nini.

"Sikukuona, mwanangu."

Hakulia. Alivua utepe, akaukunja vizuri. "Bwana Khamis ameniona," akasema, akaenda kula.

Marehemu baba alinichapa sana, unajua, lakini hakuwahi kunichapa namna hiyo.

Kesho yake nilikwenda kwa Khamis kabla watu hawajafika. Alikuwa anashona. Nikamwambia, "Nieleze mwanangu alisema nini."

Hakunicheka. Aliacha cherehani, akasimama katikati ya chumba, akaweka mikono nyuma kama mtoto wa shule. Akasema Elineema alieleza habari za ndiva, lile bwawa letu la kukinga maji mlimani, na jinsi bibi yake anavyoamka alfajiri kulifungulia, na maji yanavyogawiwa kwa zamu mpaka shamba la mwisho.

"Halafu akamtaja bibi yake kwa jina," Khamis akasema, "akacheka kidogo, akaziba mdomo kwa kiganja, hivi."

Nikamwomba arudie hapo. Akarudia. Nikamwomba tena, naye akarudia bila kuchoka, mtu mzima yule na futi yake shingoni.

Basi jina lako limesikika Unguja nzima, mama, na mimi nimelipokea kwa fundi cherehani.

Siku hizi jioni nakwenda, nakaa, natazama. Watoto wamefurahi, na mama yao pia. Lakini wewe sikufichi: bado namwonea wivu jirani yangu. Sanduku lake si kitu, nami huenda nikapata langu siku moja. Wivu wangu ni kwa ule muda mfupi wa mwanangu uliobaki machoni mwa Khamis, ambao hata akipenda hawezi kunigawia. Ukisali, niombee hilo.

Nisalimie kaka mkubwa na watu wa nyumbani kwake, shangazi anayekutekea maji, na mchungaji wetu. Mkweo Naelijwa anakuamkia, na wajukuu wako wote wawili.

Ni mimi mwanao wa mwisho,
Eliamani