Pipa la Seremala na Tezi ya Mshonaji

KIKAO CHA TATU CHA WAPANGAJI WA VYUMBA VYA KAZI

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni
Mahali: Chumba cha Fundi Viatu
Muda: Saa 3:20 asubuhi (kilipangwa saa 2:00)

Waliohudhuria: Fundi Viatu (Mwenyekiti), Seremala, Mshonaji, Mama Dobi, Muuza Vifungo (Katibu, pamoja na mwanawe wa miezi minane, asiye na kura).
Hakuhudhuria: Kinyozi. Alitoa udhuru kwamba Jumamosi ina vichwa vingi.

KUMB. NA. 1/3: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliwaomba wajumbe wasirudie maneno ya kikao kilichopita. Yalirudiwa. Katibu hakuyaandika.

KUMB. NA. 2/3: TAARIFA YA MSHONAJI
Mshonaji, mwenye mimba ya miezi minne, alieleza kwamba kipimo cha damu kliniki kimeonyesha tezi yake ya shingo inafanya kazi chini ya kiwango. Mkunga alimweleza kwamba mtoto tumboni, hasa miezi hii ya mwanzo, hutegemea homoni ya tezi ya mama ili ubongo wake ukue vizuri. Amepewa vidonge na atapimwa tena baada ya wiki nne. Alipotaja pipa ambalo Seremala huchomea mabaki ya mbao na sponji chini ya dirisha la Mshonaji kila alasiri, mkunga alisema upo utafiti unaohusisha hewa chafu na kushuka kwa homoni hiyo kwa wajawazito, ila kwa mtu mmoja hawezi kuapa kwamba ni moshi. Ajiepushe nao tu.

Seremala aliuliza kama tezi ndiyo rovu. Shingo ya Mshonaji ilitazamwa na wajumbe wote. Hakukuwa na uvimbe. Mama Dobi alisema basi ni chumvi isiyo na madini joto. Mshonaji alijibu kwamba chumvi yake inayo, na pakiti ameshaipeleka kliniki ikaonekana. Mwenyekiti alikiri kwamba hapo ndipo alipopotea, akaomba maelezo yaanze upya. Yalianza upya. Hakusema kama safari hii ameelewa.

KUMB. NA. 3/3: VITAMBAA VYEUPE
Ilikumbushwa kwamba kikao cha pili kiliazimia kutundika vitambaa vitatu vyeupe kwa siku saba: dirishani kwa Mshonaji, mlangoni kwa Seremala na upande wa barabara, ili ijulikane masizi yanatoka wapi, maana Seremala anadai ni ya magari.

Mwenyekiti alipoviulizia, Mama Dobi alivitoa kapuni vikiwa vimefuliwa, vimetiwa wanga na kupigwa pasi. Alieleza kwamba katika jengo hili chochote kinachoning'inia ni kazi yake, na tangu aanze hajamrudishia mtu nguo chafu. Vyote vilikuwa vichafu, ila hakumbuki kipi kilitoka wapi. Aliongeza kwamba hakuna aliyemshukuru.

Seremala alisema ushahidi umekwisha. Katibu alisema vilivyofuliwa ni vitambaa, mapafu ya Mshonaji hayajafuliwa. Mwenyekiti alimwomba Katibu aandike, asichangie. Katibu aliendelea na yote mawili.

KUMB. NA. 4/3: PIPA
Katibu alipendekeza pipa lisiwashwe mpaka Mshonaji ajifungue. Seremala alipinga. Alisema karakana yake itafukiwa na mabaki, na kwamba mkewe alizaa watoto watatu akinusa moshi huohuo wala hakuna aliyempima shingo. Mama Dobi alisema mkewe mwenyewe hajaulizwa. Kisha Seremala alimgeukia Mshonaji:

"Dada, niambie tu ni moshi wangu au si wangu. Nikijua, nazima leo."

Mshonaji alijibu: "Kaka, sijui. Kliniki hawajui, na wewe hujui. Lakini huyu wa tumboni hasubiri tujue. Anakua sasa hivi."

Mtoto wa Katibu alilia, akatolewa nje, akarudishwa.

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mkono. Waliounga mkono: watatu. Waliopinga: wawili. Ilibainika kwamba kura ni tano na wapiga kura ni wanne, maana Mwenyekiti hakupiga. Mama Dobi alikiri kunyoosha mara mbili, kwanza kwa kuihurumia mimba, kisha kwa kumhurumia Seremala. Kura zake zilifutwa. Pendekezo lilipita kwa mbili dhidi ya moja.

Seremala aliomba iandikwe wazi kwamba amepinga. Halafu aliomba iandikwe kwamba kuanzia leo hachomi kitu uani, mabaki atayabeba mwenyewe kwenda jalalani. Mwenyekiti alimwambia mtu hawezi kuwa pande zote mbili. Seremala alijibu kwamba yuko upande gani hajui, ila dirisha liko wapi anajua.

Katibu ameandika yote kama yalivyosemwa.

Wajumbe walitawanyika saa 4:50 asubuhi. Hadi Katibu anamaliza kunakili haya, saa 11 jioni, pipa halijawashwa.

(sahihi) Fundi Viatu, Mwenyekiti
(sahihi) Muuza Vifungo, Katibu